Jirani anageuza nyumba ya familia kuwa apatimenti: maswali ya wakazi wa Mtwara na majibu yake

Majibu haya yameandikwa kwa wakazi wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, hasa wa mitaa yenye viwanja vilivyopimwa kama Shangani na Ligula. Wa Lindi mjini hatua ni zilezile, ofisi tu ndiyo tofauti. Wapangaji nao ni watu wa mtaa, na mji unahitaji nyumba za kupanga. Tunachotetea ni kwamba kiwanja kilichopangiwa kaya moja kisibebeshwe kaya nane kabla hajatokea mtu wa kupima karo (tangi la majitaka la chini ya ardhi), maji, barabara na msingi wa nyumba yenyewe.

Kiwanja ni chake na hati anayo. Mimi jirani nina sauti gani?

Unayo. Kwa sheria zetu ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye hati amepewa haki ya kumiliki kwa miaka iliyoandikwa humo, 33, 66 au 99, na amepewa kwa masharti. Sharti mojawapo ni matumizi. Hati ikisema makazi ya familia moja, masharti hayo yanamfunga mwenye nyumba hata kama amejenga kwa fedha yake mwenyewe. Sheria za kushika mkononi ni mbili: Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007. Hii ya pili inataka mtu apate idhini kabla ya kuendeleza ardhi iliyo katika eneo la mipango, na kuendeleza si kujenga tu. Kubadilisha matumizi ya jengo lililokwishasimama nako kumo.

Kwa hiyo ukipinga huingilii mali ya mtu. Unaomba masharti aliyoyapokea yafuatwe.

Kupangisha vyumba nako ni kubadilisha matumizi?

Si kila mara, na hapa wengi hukosea wakaanza ugomvi usio na msingi. Nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, vyumba huku na huku na uani kwa nyuma imekuwa ikipangishwa chumba kimoja kimoja tangu enzi, na mitaa kama Magomeni na Majengo imejengeka hivyo. Mama mjane akipangisha vyumba viwili vya uani ili alipe ada ya shule, hilo si jambo la kulipeleka manispaa.

Mabadiliko huanza pale nyumba iliyojengwa kwa kaya moja inapogawanywa kuwa makazi kadhaa yanayojitegemea, kila moja na mlango wake, jiko lake, choo chake na luku yake. Dalili zake utaziona nje kabla hujaambiwa. Dirisha linabomolewa kuwa mlango, mabomba ya maji machafu yanaongezeka ukutani, masanduku ya mita yanapangwa mstari mmoja getini, sebule inakatwa kwa ukuta mpya. Ukiona choo cha pili na cha tatu vinapigwa tofali ndani ya vyumba vya kulala, anza kuuliza.

Apatimenti za wageni wa siku mbili tatu ni jambo jingine tena. Hiyo ni biashara ya malazi, ina leseni yake na matumizi yake.

Nitajuaje hati yake inaruhusu nini? Siwezi kwenda kumwomba anionyeshe.

Huhitaji kumwomba. Tafuta namba ya kiwanja na kitalu. Mara nyingi utaipata kwa kuhesabu kutoka kiwanja chako, maana hati yako ina ramani ndogo yenye namba za majirani. Ukishaipata nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, omba upekuzi rasmi na ulipie. Utapewa jina la mmiliki aliyesajiliwa na kama kuna rehani au zuio. Hati za makazi za hapa nchini huandika kundi la matumizi kwa herufi, kwa kawaida Kundi “A”, kisha herufi ndogo kwenye mabano. Hiyo herufi ndogo ndiyo ya kushika. Mwombe afisa mipangomiji akusomee inaruhusu nini.

Pia omba kuona mchoro wa mipangomiji wa eneo lenu. Mchoro huonyesha kila kiwanja kilipangiwa nini, na ndipo utakapojua kama mtaa wenu ni wa makazi pekee au ni wa makazi na biashara. Kuna watu wamepinga miezi mingi, kisha ikaonekana mchoro ulisharekebishwa. Anza na mchoro.

Ombi la kubadilisha matumizi hupita wapi, na sisi tunaingilia wapi?

Kwa kawaida mwombaji hupeleka ombi kwa Mkurugenzi wa Manispaa pamoja na nakala ya hati, stakabadhi ya kodi ya ardhi na maelezo ya anachotaka kujenga. Ombi hutangazwa ili mwenye pingamizi alilete. Wataalamu huenda kukagua kiwanja, kisha ombi linaingia Kamati ya Mipangomiji na Mazingira ambamo madiwani wamo, na baadaye hupanda ngazi za wizara ya ardhi. Kibali cha ujenzi ni kitu kingine na huja baada ya hapo. Mtu anaweza kuwa na kibali halali cha kukarabati nyumba, akakitumia kujenga makazi nane.

Penye nguvu zenu ni pale kwenye tangazo. Tangazo lenyewe hutaja siku ya mwisho ya kupokea pingamizi. Isome vizuri, uihesabu, na barua yako ifike masjala kabla ya hapo. Tangazo la gazetini halisomwi na watu wengi Mtwara, kwa hiyo mmoja wenu apewe kazi ya kupita kwenye ubao wa matangazo wa manispaa na ofisi ya kata kila wiki. Kazi hiyo inachosha, lakini pingamizi likichelewa hata siku moja huwa limegeuka malalamiko, na malalamiko hayapewi uzito uleule.

Hatukuona tangazo wala bango, na mafundi wameshaanza. Tufanye nini leo?

Leo hiihii piga picha zenye tarehe kutoka barabarani au ukiwa ndani ya kiwanja chako. Usiingie kwake. Angalia kama kuna bango la mradi lenye jina la mkandarasi, mbunifu, mhandisi na namba ya kibali. Mradi uliosajiliwa huwa na bango. Usipoliona, andika kwamba hukuliona na tarehe uliyotazama.

Kesho yake asubuhi peleka barua fupi kwa Mkurugenzi, nakala kwa mtendaji wa kata, na uulize jambo moja tu: je, kiwanja namba fulani kina kibali cha ujenzi na idhini ya kubadili matumizi? Swali fupi hujibika haraka kuliko malalamiko ya kurasa nne. Kibali kikiwa hakipo, manispaa ina mamlaka ya kusimamisha ujenzi kwa notisi. Mkaguzi wa majengo akipita na rangi nyekundu ukutani, piga picha ile alama pia, kwa sababu rangi hupakwa juu usiku.

Kwa nini haraka yote hii? Kusimamisha fundi anayechimba msingi hakumgharimu mwenye nyumba sana. Zege la slabu likishamwagwa na nyumba ikishapauliwa, mazungumzo ofisini hugeuka kutoka “asijenge” na kuwa “tumrasimishie vipi”. Wiki tatu za kungoja zinaweza kuwa ndizo zilizoamua jambo zima.

Barua ya pingamizi iandikweje?

Iwe ukurasa mmoja, miwili ikizidi. Mfano:

“Mkurugenzi wa Manispaa, Mtwara Mikindani. Kupitia kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Yah: Pingamizi dhidi ya kubadilisha matumizi ya kiwanja Na. … Kitalu …, Shangani. Sisi tuliosaini hapa chini ni wamiliki na wapangaji wa viwanja vinavyopakana au kutazamana na kiwanja tajwa. Tunapinga kigawanywe kuwa makazi nane kwa sababu zifuatazo. Moja, kiwanja kina karo moja lililojengwa kwa kaya moja, na michoro haionyeshi karo jingine. Mbili, shimo la kunyonya (linalozamisha majitaka ardhini) lililopo liko mita 11 kutoka kisima cha kiwanja Na. … Tatu, nafasi iliyobaki ndani ya uzio haitoshi magari zaidi ya mawili. Tunaomba ukaguzi wa pamoja kabla ya ombi kufikishwa kwenye Kamati, na tunaomba kujibiwa kwa maandishi.”

Kisha majina, namba za viwanja, simu na sahihi. Kila anayesaini aandike anakaa kiwanja gani. Sahihi 12 za watu wanaopakana na kiwanja zina uzito kuliko 200 zilizokusanywa sokoni. Wapangaji nao wasaini, wasiachwe. Peleka nakala mbili masjala; moja ibaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri kwenye nakala yako, siku ya shauri ni kama hukuiandika.

Hoja zipi zina uzito na zipi hazina?

Zenye uzito ni zinazopimika: majitaka, maji, umeme, maegesho, umbali wa jengo kutoka mpakani, uimara wa jengo, njia ya gari la zimamoto, mwelekeo wa maji ya mvua. Faragha nayo ina uzito ukiieleza kwa vipimo, kwa mfano madirisha ya ghorofani yanayotazama uani kwako kutoka mita mbili.

Zisizo na uzito ni zile za “watakuja watu tusiowajua”, “wanafunzi wa chuo wana fujo”, “wageni wa gesi na wa kiwanda wataharibu mtaa”. Tunasema waziwazi, ziacheni. Zinawaumiza watu wasio na kosa, na zinampa mwombaji nafasi ya kusema shida yenu ni chuki. Hoja ya kwamba thamani ya nyumba yako itashuka nayo ni dhaifu. Mwombaji atajibu kwamba viwanja vya mtaa vitapanda bei, na huenda akawa na ukweli.

Hili la karo mnalitaja sana. Lina nini?

Linaharibika mapema kuliko vyote, na sehemu kubwa ya mji wetu inategemea makaro na mashimo ya kunyonya. Chukua karo la kawaida la nyumba ya familia: ndani lina urefu wa mita 2, upana mita 1, na maji yanasimama kina cha mita 1.5. Hizo ni lita 3,000. Familia ya watu 6, kila mmoja akimwaga lita 80 kwa siku, inaingiza lita 480. Maji yanakaa humo siku 6 hivi, uchafu mzito unatuama chini, mafuta yanaelea juu, na yanayotoka kwenda shimo la kunyonya yamepungua uchafu.

Sasa weka makazi 8 yenye watu 3 kila moja. Ni watu 24, lita 1,920 kwa siku. Muda wa kukaa unashuka hadi siku moja na nusu. Kisha kuna tope. Kwa makadirio yanayotumiwa na wajenzi, mtu mmoja huacha tope kama lita 40 kwa mwaka. Familia ya watu 6 inaacha lita 240, kwa hiyo theluthi ya karo hujaa baada ya miaka minne na kitu. Watu 24 wanaacha lita 960, na theluthi ileile inajaa kwa mwaka mmoja. Mwenye nyumba aliyezoea kuita gari la majitaka mara moja kwa miaka minne hatakumbuka kuliita kila mwaka. Tope likipanda, linasukumwa kwenye shimo la kunyonya, linaziba matundu ya udongo, na shimo lililozibwa na tope halizibuki kwa kunyonywa. Linachimbwa jingine. Kwenye kiwanja kilichoshajaa vyumba litachimbwa wapi?

Msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, ndipo mambo hujionyesha. Maji ya ardhini yanapanda, shimo halinyonyi. Ukitaka kujua kabla harufu haijafika, sikiliza chini: mtu akivuta maji chooni, tundu la bafuni linatoa sauti ya kububujika. Kifuniko cha chemba kinazungukwa na unyevu, majani yanakuwa ya kijani kibichi hata wakati wa jua kali. Karibu na bahari kuna mwamba wa matumbawe wenye nyufa. Hapo shimo linaweza kuonekana linanyonya vizuri sana, na uhodari huo ndio wa kuogopa, kwani maji yanapita kwenye ufa bila kuchujwa na kuibukia kisimani kwa jirani. Kanuni ya kawaida ni mita 30 kati ya shimo na kisima. Pima kwa futi kamba, andika. Ukishuku kisima chako, peleka sampuli ya maji ipimwe maabara, na mpaka majibu yatoke chemsha maji ya kunywa. Malalamiko ya majitaka yanayotiririka mpelekee afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu ya kuingia na kukagua.

Ombi lenu liwe mahususi: karo jipya la ukubwa uliopigiwa hesabu kwa idadi ya watu, mahali pake paonyeshwe kwenye mchoro, na gari la majitaka liweze kulifikia. Mpira wa gari lile una urefu wake, na karo lililojengwa nyuma kabisa halafu likazibwa na vyumba halifikiki.

Na maji ya bomba na umeme?

Kwenye maji, tatizo ni pampu. Apatimenti zikikosa msukumo, mwenye nyumba anafunga pampu inayovuta moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Nyumba za mbele zinakauka, na penye tundu bomba linanyonya maji machafu ya ardhini. Mpangilio sahihi ni tangi la chini linalojaa kwa msukumo wa kawaida, kisha pampu ipandishe kutoka tangini kwenda juu. Ukishuku pampu ya wizi, ripoti MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, kwa maandishi, utaje saa ambazo maji hukatika.

Umeme ukizidiwa utaona feni inazunguka kwa uvivu na friji inagoma jioni, saa moja hadi saa nne. Andika siku na saa kwa wiki mbili, kisha waombe TANESCO wapime mzigo wa laini. Makazi manane yenye pasi, jagi na kiyoyozi kwa kawaida yanahitaji umeme wa njia tatu, na kuongeza luku hakuongezi nguvu ya waya uliopo.

Anataka kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya zamani. Inawezekana?

Inawezekana mhandisi akithibitisha, na mara nyingi hathibitishi. Nyumba nyingi za familia hazina nguzo. Kuta ndizo zinazobeba, na msingi ni mkanda uliopimwa kubeba paa la bati na mbao tu. Slabu ya unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Kwa sakafu ya mita za mraba 100 ni tani 36, kabla hujaweka kuta, watu, na tangi la lita 5,000 ambalo peke yake ni tani 5. Mkishuku, ulizeni kama shimo la majaribio lilichimbwa kando ya msingi ili upana na kina chake vionekane, na kama kuna mhandisi aliyesajiliwa na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) aliyeweka sahihi na muhuri kwenye michoro ya nondo.

Pwani tuna adui mwingine, chumvi. Mchanga wa bahari usiosafishwa na nondo zilizolala nje zikipigwa na upepo wa bahari huleta kutu ndani ya zege. Kutu inavimba, zege linapasuka kufuata mstari wa nondo, kisha linabanduka. Karibu na bahari nondo zinatakiwa zifunikwe na zege la angalau milimita 40, na hilo huonekana kabla ya kumwaga: nondo zimeinuliwa juu ya vipande vya zege, au zimelazwa juu ya mbao? Kutoka dirishani kwako, kabla ya siku ya zege, picha moja inatosha.

Hatari nyingine, isiyoonekana kwa nje, ni kubomoa kuta za ndani ili kupanga vyumba upya. Ukuta uliobeba ukiondolewa bila boriti, nyufa za mshazari hutokea kwenye pembe za milango. Zikitokea kwako, upande wa pili wa mpaka, weka alama ya penseli na tarehe kwenye mwisho wa ufa uone kama unaendelea.

Mwenyekiti wa mtaa ameshagonga muhuri. Ndiyo basi?

Hapana. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba mtu anajulikana au kwamba barua imepita kwake. Kibali cha ujenzi na idhini ya matumizi havitoki serikali ya mtaa. Hata hivyo usimruke mwenyekiti. Mwombe aitishe mkutano wa mtaa, ajenda iwe moja, na muhtasari uandikwe na kusainiwa. Muhtasari huo ukiambatanishwa na barua yenu, diwani ana cha kushika mkononi akiingia kwenye Kamati.

Vivyo hivyo, kwamba analipa kodi ya jengo kupitia luku si kibali. Kodi ile inakatwa kwa mita tangu 2021 na haiulizi kama jengo lina ruhusa.

Tukikosa majibu, tunaenda baraza gani?

Mgogoro ukiwa kati yako na jirani, kama vile mpaka, majitaka au nyufa, anzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hili halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa linathibitisha hivyo kwa maandishi, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko unakoweza kuomba zuio la muda. Vigezo vyake ni vitatu, vinavyofuatwa tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969: kuna hoja ya kweli ya kusikilizwa, utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na usumbufu wako ukikosa zuio ni mkubwa kuliko wake akizuiwa. Cha pili ndicho huangusha wengi. Ukisema “nitapata kero”, kero inafidika. Kisima kilichoingia majitaka au msingi uliotikisika ni rahisi zaidi kukitetea.

Unayempinga akiwa ni manispaa, kwa kutoa kibali kinyume cha utaratibu, njia ni nyingine. Tangu 2020 shauri dhidi ya halmashauri linahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na linafunguliwa Mahakama Kuu. Ukitaka mapitio ya uamuzi, ombi la ruhusa liwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Hapo tafuta wakili. Asiyemudu amwone msaidizi wa kisheria kwanza, mapema, kabla siku hazijaliwa.

Tunaweza kuweka zuio kwenye hati yake kwa Msajili wa Hati?

Jirani hawezi, kwa sababu hana maslahi katika kiwanja kile. Mke au mume anaweza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mikopo ya kujenga apatimenti mara nyingi huja na rehani. Mrithi naye anaweza. Nyumba ikiwa ya marehemu, ulizeni barua za usimamizi wa mirathi. Kaka mkubwa anayejenga bila kuteuliwa msimamizi anajenga kwenye mali ya ndugu zake wote, na ndugu hao ndio wenye nguvu kuliko ninyi majirani.

NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, inahusika?

Kwa kugawa nyumba moja, mara nyingi si mlango wa kwanza. Kwa jengo kubwa la ghorofa au lililo karibu na ufuo, ulizeni kama mradi umesajiliwa kwa tathmini ya mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Na nyumba za mawe za Mikindani?

Hizo zina ulinzi wa mambo ya kale juu ya mipangomiji. Kabla ya ukuta wowote wa matumbawe na chokaa kuguswa, mamlaka ya mambo ya kale iulizwe. Saruji ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani, na ukuta huoza kimyakimya.

Anasema atauza kila apatimenti kwa hati yake.

Anazungumzia hati pacha, inayotolewa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008. Hapo wamiliki wanane wanashirikiana ngazi, paa, karo na uzio, na lazima pawe na chombo chao cha kusimamia. Kwenu majirani hilo lina upande mzuri: mnajua wa kumwandikia karo likifurika. Ulizeni mapema ni nani huyo, na mchango wa matengenezo ni kiasi gani.

Mwenye nyumba amekubali kukaa nasi. Tuombe nini?

Nendeni watu watatu, wasizidi. Mkubali kwamba anaweza kujenga kitu, la sivyo hakuna mazungumzo. Kisha ombeni yaandikwe haya: makazi yawe 4 badala ya 8, karo jipya lipigiwe hesabu ya watu 12 hadi 16 na lijengwe kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia, shimo la kunyonya liwe mbali na visima, maegesho yawe ndani ya uzio, kila gari mita 2.5 kwa 5. Madirisha ya upande wa jirani yawekwe juu, usawa wa mita 1.7 kutoka sakafuni. Maji ya paa yasimwagwe kwa jirani. Kazi za zege zisipite saa kumi na mbili jioni. Mchanga na kokoto zisilale barabarani. Asaini yeye, msaini ninyi, mwenyekiti ashuhudie, na nakala ipelekwe kwa afisa mipangomiji ikaombwe iwe sehemu ya masharti ya kibali. Makubaliano yaliyobaki mfukoni mwa watu wawili hufa siku nyumba inapouzwa. Yaliyoingia kwenye kibali humkuta na mnunuzi.